Fimbo ya Mboji na Fimbo ya Mchanga

Vijana wangu wa idara, mlinifanyia karamu ya kuniaga mkanipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nimelielewa. Saa bado najiuliza, maana mtu aliyestaafu anawahi wapi? Lakini katika maneno mengi yaliyosemwa siku ile, mmoja wenu alisimama akaniita "baba wa mboji wa Garissa", na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Tangu siku hiyo nimekuwa na aibu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Aliyeanzisha mboji Garissa hakuwa mimi, wala hakuwa baba wa mtu.

Nilifika kule miaka miwili baada ya Uhuru, vita vya shifta, wale waliotaka mkoa ule ujiunge na Somalia, vikiwa vimepamba moto. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, cheti kipya cha kilimo, na sanduku la bati lenye kufuli ambalo ufunguo wake niliusahau nyumbani. Kwetu ni milima ya Taita, ambako ukitupa ganda la ndizi leo, wiki ijayo hulioni tena, ardhi imelila. Nilidhani dunia nzima iko hivyo. Lori letu liliingia katika msafara, askari mbele, askari nyuma, na katikati sisi watumishi wa serikali tukiwa tumebanana na magunia ya kabichi. Kabichi zilianza safari zikiwa nzima. Tulipovuka daraja la Tana, mzee mmoja aliyekuwa kando ya barabara na ngamia wake aliniuliza kwa upole, "Wewe umetoka Kenya leo?" Nikamweleza kwamba hapa pia ni Kenya. Akanitazama, akazitazama zile kabichi, kisha akasema, "Haya, karibu."

Mkubwa wangu wa kituo aliitwa Mzee Kilonzo, Mkamba mwembamba aliyekuwa ametibu ng'ombe wa serikali tangu enzi za wakoloni. Siku ya kwanza alinionyesha ofisi, yaani meza, akanikabidhi vifaa vya kazi: majembe mawili, uma mmoja wa shamba uliobakiwa na meno matatu, kitabu cha mafunzo ya mboji, na wilbaro isiyo na gurudumu.

"Mzee, gurudumu liko wapi?" nikauliza.

"Linakuja na msafara."

Nilikaa Garissa miaka minne. Nadhani bado linakuja.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu kutengeneza mboji nyumbani na kulima mboga kidogo karibu na nyumba. Misafara ilikuja ilipotaka, na mboga ilizoleta zilikuwa za kusikitikia kuliko za kula. Nilimwomba Mzee Kilonzo ushauri wa kuanzia. Alivua kofia, akafikiri, akaivaa tena. "Kijana, mimi ni mtu wa ng'ombe," akasema. "Mbolea naijua inapotoka. Ikishafika chini, ni yako."

Somo la kwanza nililitoa karibu na ofisi, penye kibanda cha mikeka alichokuwa akiuzia chai mama mmoja mrefu aliyeitwa Eddo Halima. Eddo kwa Kisomali ni shangazi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu waliomzidi umri. Wanawake kama kumi walikuja, labda kwa ajili ya mboji, labda kwa ajili ya chai. Nilisimama kama mhubiri, nikawaambia wakusanye taka zote za jikoni: maganda, mabaki ya mboga, chakula kilicholala.

"Bwana Shamba," Eddo Halima akaniuliza kutoka penye birika lake, "hiyo chakula inalala, inalala nyumba ya nani?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanieleza kwa heshima, kama unavyomweleza mgeni mahali choo kilipo. Ganda likianguka, mbuzi wake mmoja aliyebaki analichukua kabla halijafika chini. Mfupa ni wa mbwa. Jivu ni la kusugulia vyombo. Taka pekee aliyokuwa nayo ni majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. "Hii nachukua wabi?" akauliza, "p" ikigeuka "b" kinywani mwake, akinionyesha kopo. Nikamwambia majani ya chai ni kidogo sana, hayafai kitu. Kumbukeni hilo neno langu.

Basi nikaenda nyumba za watumishi waliotoka bara, ambao walikuwa na taka za kutosha, hasa zile kabichi. Nyuma ya ofisi nikajenga lundo langu la kwanza juu ya ardhi, kama kitabu kilivyoagiza, tabaka juu ya tabaka, zuri kama keki ya harusi. Nikaenda kula chakula cha mchana. Niliporudi, mboji yangu ilikuwa imeondoka kwa miguu. Niliiona kwa mbali ikivuka uwanja, ikiwa ndani ya mbuzi kumi na wanane.

Lundo la pili nililizungushia miiba. Safari hii niliweka vitu ambavyo mbuzi mwenyewe asingevitaka, yaani mavi yake yaliyokauka kutoka zizini, pamoja na nyasi kavu za mtoni na jivu. Nikanyunyiza maji debe moja, maana maji yalitoka mbali. Halafu nikachomeka fimbo katikati. Hiyo fimbo ndiyo kipimajoto cha maskini, na kitabu kiliisifu sana: baada ya siku tano, ichomoe uishike, ikiwa ya moto, mboji inaiva, ikiwa baridi, kuna kasoro.

Siku ya tano, saa nane mchana, nikaichomoa. Ilikuwa ya moto! Nikamwita Mzee Kilonzo aishike, naye akasema ng'ombe mwenye joto hilo angemchoma sindano. Nikaipeleka hadi kwenye kibanda cha chai nikawashikisha wateja. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilitembea mjini na ile fimbo, nikiwashikisha watu. Kitabu kilisema mboji ikishapoa ndiyo imeiva. Yangu haikupoa hata siku moja. Nikaandika ripoti nzima, kurasa tatu, kueleza kwamba katika nchi ya joto mboji huiva ikiwa bado ya moto, na kwamba huenda ni mimi wa kwanza kuligundua jambo hilo.

Hapo ndipo Eddo Halima aliponijia na shida yake. Kabla ya vita alikuwa na kundi la mbuzi na ngamia wachache. Waliishia katika zile vurugu. Hakuniambia waliishiaje, nami sikuthubutu kumuuliza. Alikuwa na watoto watatu, kibanda cha chai, na kipande cha ardhi kando ya mto alichopewa na chifu. Sasa amri ilikuwa imetoka kwamba vichaka vyote vya mtoni karibu na mji vifyekwe, watu wa msituni wasijifiche humo. Mkubwa mmoja wa mkoa angekuja kukagua kabla ya mvua za masika. Shamba lenye mazao, na linaloonyesha litaendelea, lingeachwa. Lisilo na kitu lingefungwa.

"Wakifunga, utakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Diff. Kaka yangu iko huko."

Diff iko mpakani kabisa. Siku zile hata askari wenye bunduki waliosafiri upande ule waliagana na wenzao vizuri. Nilimfikiria yeye na watoto watatu katika njia hiyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mbegu za sukuma wiki ninazo na mboji yangu iko karibu kuiva. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliniamini mara moja, bila swali.

Lundo lilipotimiza wiki tisa tulipakia magunia sita juu ya punda, kwa kuwa gurudumu lilikuwa bado njiani. Miche alikuwa ameshaiotesha mwenyewe katika makopo. Tukaipandikiza, tukaijaza mboji, akaimwagilia maji ya mto asubuhi na jioni kwa siku sita. Siku ya saba aliingia ofisini akaweka juu ya meza yangu kitu kama kifungu cha tumbaku. Ilikuwa miche yake.

"Bwana Shamba, mbolea yako imebika mboga kabla ya sufuria."

Nilianza kumweleza habari za wadudu. Hakunisikiliza. Alinishika mkono wa shati, akanitoa nje hadi kwenye lundo lililobaki, jua la saa nane likiwaka. Akachomoa ile fimbo yangu maarufu.

"Shika. Ni moto?"

"Ni moto, Eddo."

Akaenda hatua tano, akachomoa kijiti kingine alichokuwa amekichomeka mapema katika mchanga mtupu, mahali ambapo hapajawahi kuwekwa hata punje ya mavi.

"Haya, shika hii. Ni moto?"

Kilikuwa cha moto vilevile. Kama kulikuwa na tofauti, basi cha mchanga kilizidi kidogo.

"Sasa niambie, na mchanga imeiva? Nibande kwa mchanga?"

Vijana wangu, nimewahi kuanguka kutoka juu ya lori, nimewahi kusoma hotuba ya mtu mwingine mbele ya waziri. Sijawahi kuona aibu kama ile. Miezi miwili nilikuwa nikizunguka mji mzima nikiwashikisha watu jua. Tukachimba lile lundo kwa mikono. Ndani, mavi ya mbuzi yalikuwa makavu, mviringo, mazima kabisa, kama siku niliyoyaleta. Eddo Halima akachukua moja, akalibana kati ya vidole, likakataa kuvunjika.

"Sisi tukitaka nyama isioze tunafanya nini?" akaniuliza. "Tunakata, tunaweka kwa jua, ikauke. Inakaa miezi. Kitu ikikauka haiozi. Wewe umeweka mafi kwa jua. Wallahi, Bwana Shamba, umetengeneza nyirinyiri ya mafi ya mbuzi."

Ndipo nilipofahamu kilichoiua miche. Mboji haikuwa imeanza kuiva hata kidogo. Ilianza siku ile alipoimwagilia maji, ikaivia pale pale kwenye mizizi. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia ukweli kwamba zile mbegu nilizompa ndizo zilikuwa zote, na kwamba nyingine zingechukua miezi kufika, zikifika. Nilikuwa karibu kulia.

Akafungua fundo kwenye pembe ya shuka yake. Ndani kulikuwa na mbegu, nusu nzima.

"Mtu ya Kenya akisema haraka haraka, mimi nabakisha nusu," akasema. "Bole. Kunywa chai kwanza."

Ilibaki miezi minne kabla ya ukaguzi. Tulianza upya, yeye akiwa mwalimu, mimi nikiwa na kitabu kama mtu aliyebeba mwavuli kiangazi. Kitabu kilitaka lundo juu ya ardhi kwa sababu mwandishi wake aliishi mahali pa mvua; sisi tulichimba shimo, la kina cha kiuno, nyuma ya kibanda cha chai kwenye kivuli. Mavi ya mbuzi tuliyaloweka kwanza siku mbili katika pipa. Chini tukapanga vijiti vya kupitisha hewa, kisha nyasi, mavi yaliyolowa, jivu, udongo kiganja kimoja, tena na tena. Maji ya kusuuzia vikombe na mabirika yalimiminwa humo yote, pamoja na yale majani ya chai niliyosema hayafai kitu, na kwa jinsi watu wa Garissa wanavyokunywa chai, yalijaza kopo baada ya kopo. Juu tukafunika mikeka mikuukuu. Kama mnataka kuanza mboji nyumbani katika nchi kavu, basi ni hivyo tu. Mengine ni mapambo.

Suala la kipimo lilimalizwa na yeye pia. Alisema mchana kila kitu ni cha moto, kwa hiyo mchana haufai kuulizwa swali. Lazima tupime alfajiri, mchanga ukiwa umepoa. Tatizo ni kwamba kulikuwa na kafyu, na kutoka nje kabla ya saa kumi na mbili ilikuwa kutafuta risasi. Jua la kule nalo halichelewi kazini. Basi kila asubuhi king'ora kilipolia mwisho wa kafyu, mimi nilitoka mbio upande huu, Eddo Halima upande ule, tukakutana shimoni tukihema. Tulikuwa na fimbo mbili, moja ndani ya shimo na nyingine nje ya kivuli, kwenye mchanga. Tunazichomoa pamoja na kuziweka shavuni.

Siku ya tatu koplo mmoja wa doria alitukuta tumesimama kila mtu na fimbo shavuni, macho yamefungwa. Alituuliza tunafanya nini.

"Tunafananisha," nikamjibu.

Akaomba ajaribu. Akasema zote ni baridi, akaandika kitu katika daftari lake, na tangu siku hiyo akawa anapita kila asubuhi kuuliza hali ya mgonjwa.

Asubuhi ya sita, fimbo ya mchanga ilikuwa baridi kama kisu. Ile ya shimoni nilipoiweka shavuni niliruka nikaiangusha. Moshi mwembamba ulitoka chini ya mkeka. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia koplo, bunduki na yote.

"Mashallah," akasema Eddo Halima. "Sasa inabika."

Tuliigeuza mara mbili kwa ule uma wa meno matatu. Mwezi wa pili ukikaribia kwisha ilipoa yenyewe, alfajiri fimbo zote mbili zikawa sawa, na ukiichota ilinukia kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Nilikaa nayo mkononi kwa muda, nikikumbuka nyumbani. Tukapandikiza. Sukuma wiki ilipanda mpaka magotini, nene, kijani cha kutia wivu, na watumishi wa bara wakawa wanapanga foleni kwenye kibanda cha chai. Majirani wakaanza kuchimba mashimo yao. Eddo Halima mwenyewe hakuonja hata jani. Alisema anamheshimu mbuzi wake, hawezi kumlia chakula chake.

Mkubwa wa mkoa aliingia mjini na msafara, na kesho yake akafika shambani saa nane mchana, jua likichoma utosi. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mnene, suti ya kaki, karani nyuma yake na jalada. Alizunguka shamba akikunja uso.

"Wasomali hawali mboga," akasema. "Haya majani yote ni ya nani? Isije ikawa tunalisha watu wa msituni."

Nilifungua mdomo, Eddo Halima akanitangulia. "Ni yako, bwana mkubwa. Jana ulikula kwa nyumba ya daktari. Wanasema uliongeza mara mbili."

Karani akakohoa. Mkubwa akafikiri, akakiri kwamba kweli zilikuwa nzuri. Lakini akasema mazao ya msimu mmoja ni bahati tu. Yeye anataka kuona kama shamba litaendelea. Mbolea inatoka wapi? Tukampeleka shimoni. Tulikuwa tumejaza mpya jana yake tu, ikiwa baridi kabisa, haijaanza lolote.

"Aa, mboji!" akasema, uso ukamng'aa. "Hii naijua. Nilifundishwa shuleni. Kuna fimbo." Akamgeukia karani amwonyeshe jinsi wataalamu wanavyopima. Akainama, akapita ile fimbo iliyokuwa chini ya mkeka, akachomoa ile iliyokuwa karibu na kiatu chake, ile ya mchanga. Akaikamata kwa kiganja kizima.

"Lo!" akapiga kelele. "Inawaka! Mboji imeshika moto sawasawa! Karani, shika hii. Umeona? Hii ndiyo kazi tunayotaka. Andika, shamba hili lisiguswe, na hao majirani wao vilevile."

Vijana wangu, nilikuwa mtumishi wa serikali, nimeapa kusema kweli. Kalamu ya karani ilikuwa hewani. Nilimtazama Eddo Halima, naye alinitazama, na kati yetu ilisimama njia yote ya Diff. Nilifunga mdomo wangu kwa nguvu mpaka meno yakaniuma.

"Haa, bwana mkubwa," akasema yeye kwa unyenyekevu. "Shika bolebole, itakuchoma."

Mkubwa akatia sahihi juu ya jalada pale pale, akatupa mkono, akaondoka akimweleza karani habari za joto la mboji. Tulisubiri mpaka gari lao lilipozama katika vumbi. Hapo nikashindwa. Nilicheka nikiwa nimekaa chini, nikicheka vile mtu anavyocheka akiwa ametoka kuogopa sana. "Mchanga!" nikasema. "Mtu mzima, mkubwa wa mkoa mzima, amesifu mchanga!"

Eddo Halima hakucheka. Alikuwa akifuta macho kwa pembe ya shuka, ile iliyokuwa na fundo la mbegu. Alipomaliza aliiokota ile fimbo, akairudisha polepole mahali pake mchangani.

"Usicheke yeye," akaniambia. "Yeye ameshika mara moja tu. Wewe ulitembea nayo miezi mbili."

Nikachukua debe, nikaenda mtoni kuteka maji.